Kukata, Kuziba na Kuganda: Istilahi za Mgando wa Damu katika Kiswahili na Kielelezo cha Sumu ya Nyoka katika Ukanda wa Zombo, Kilosa

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za tiba katika Kiswahili imekuwa, kwa kiasi kikubwa, mijadala ya nomino. Hutafutwa jina la ugonjwa, jina la kiungo, jina la kifaa; likishapatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Vitenzi huachwa vijitafutie njia. Makala haya yanachunguza mchakato mmoja wa mwili wa binadamu, yaani namna damu inavyoacha kutoka jerahani, kwa nia ya kuonyesha kwamba hapa udhaifu wa maelezo ya Kiswahili hautokani na uhaba wa majina. Majina yapo, na pengine yamezidi. Udhaifu unatokana na kitenzi kimoja, ganda, kubebeshwa kazi mbili ambazo mwilini hufanywa na vitu viwili tofauti, huharibika kwa namna tofauti, na hutibiwa kwa dawa tofauti.

Eneo linalotumiwa kama kielelezo ni kata ya Zombo, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika jimbo la Mikumi. Zombo ni nchi ya wakulima, iliyo katika ukanda wa kati ya mji wa Kilosa na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkulima anayepalilia kwa jembe la mkono, mtoto anayechunga na mwanamke anayeokota kuni wote hukanyaga nyasi zilezile wanamoishi nyoka. Tena ni wilaya ya lugha nyingi: Kisagara na Kividunda ni miongoni mwa lugha za wenyeji, wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig wamo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote mbele ya meza ya mganga wa zahanati. Mganga akisema "damu haigandi", maneno hayo mawili ndiyo yanayobeba uzito wote wa maelezo.

2.0 Ganda na jamaa zake

Kitenzi ganda kina maana mbili za msingi ambazo msemaji wa kawaida hazichanganyi. Ya kwanza ni kiowevu kugeuka kuwa kitu kigumu au kizito: maji huganda yakawa barafu, mafuta huganda wakati wa baridi, na maziwa yaliyoganda huitwa mgando. Ya pili ni kung'ang'ania: kupe humganda ng'ombe, na ruba humganda mtu aliyevuka kijito. Katika maana ya kwanza kitu hubadilika umbo. Katika maana ya pili hakuna kinachobadilika. Kimoja hushika kingine. Ni bahati ya pekee, na ni bahati mbaya vilevile, kwamba maana zote mbili zinatokea katika damu, kila moja mahali pake. Chembe sahani huganda kama kupe. Majimaji ya damu huganda kama maziwa. Neno likiwa moja, msikilizaji huchukua maana iliyo karibu naye, na mara nyingi huwa ni ile ya maziwa.

Kiswahili cha mitaani na mashambani hakikosi njia nyingine. Mtu aliyejikata kwa panga husema damu "imekata" au "imekatika", naye hana haja ya kujua imekataje. Kitenzi hiki kinataja tokeo zima, yaani kuacha kutoka, pasipo kutaja chanzo. Damu iliyokusanyika chini ya ngozi baada ya pigo husemwa imevilia, na pahali pake pana vilio la damu. Kidonda kikikauka hufanya gaga. Pande la damu iliyoganda huitwa bonge. Msomi anayeunda istilahi mpya kabla ya kuyapima maneno haya anajitwika mzigo usio wa lazima.

Kwa upande wa chembe zenyewe hali ni ya vurugu kidogo. Katika maandishi na mafundisho hukutwa chembe sahani, seli sahani, vigandisha damu, chembechembe za kugandisha damu, na utohozi pleteleti. Majina ya kundi la kwanza yanafuata umbo, kwa kuwa chembe hizo zikiwa zimetulia ni bapa kama sahani. Giulio Bizzozero, mtaalamu wa Torino, Italia, aliyezieleza kwa ukamilifu mwaka 1882, naye alizipa jina kutokana na ubapa wake. Vigandisha damu linafuata kazi, na hapo ndipo lilipo kosa lake: linaipa chembe kazi ambayo kwa hakika ni ya protini. Chembe sahani hazigandishi damu kwa maana ya maziwa. Huziba, kisha hutoa uwanja ambao protini zitafanyia kazi ya kugandisha. Jina lenye kueleza kazi huwa bora kuliko jina lenye kueleza umbo pale tu linapoieleza kazi kwa usahihi. Kinyume cha hapo, umbo ni salama zaidi. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia chembe sahani.

3.0 Mchakato wenyewe

Katika mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwamo chembe sahani zipatazo 150,000 hadi 400,000. Ni ndogo kuliko chembe nyekundu, hazina kiini, hutokana na kumegeka kwa seli kubwa za uboho wa mifupa, na huishi kwa siku 7 hadi 10. Muda wote huo husafiri pembezoni mwa mkondo wa damu, karibu na kuta za mishipa, bila ya kugusana na chochote kinachoziamsha. Ukuta wa mshipa mzima ni laini na huzituliza.

Mshipa unapokatwa, kwanza hujikaza. Papo hapo nyuzi za kolajeni zilizokuwa zimefichwa nyuma ya utando wa ndani huwa wazi, na protini ndefu iliyomo damuni, inayoitwa kwa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyeeleza ugonjwa wake mwaka 1926, hunasa juu ya nyuzi hizo. Chembe sahani zinazopita kwa kasi hunaswa na protini hiyo kama mabua yanayonaswa na mzizi uliojitokeza mtoni. Zikishanaswa hubadilika: huacha umbo la sahani, hutoa miiba, na humwaga kemikali zinazoziita nyenzake. Chembe mpya zinapofika, hufungamana na zile za kwanza kwa daraja la protini nyingine, fibrinojeni, inayoshikwa huku na huku na vipokezi vya juu ya chembe. Hiki ndicho kizibo. Kwa jeraha dogo la ngozi kinaweza kutosha kwa muda. Kwa mshipa wenye shinikizo hakitoshi, kwa kuwa ni rundo la vitu vilivyoshikana mikono, na mikono huachia.

Wakati huohuo kazi ya pili imekwisha kuanza. Seli zilizo nje ya mshipa zina protini ambayo damu haipaswi kukutana nayo. Ikikutana nayo, protini hiyo huungana na kigandishi cha 7, na wawili hao huamsha vigandishi vya 9 na 10. Matokeo ya mwanzo ni kiasi kidogo tu cha kimeng'enya kiitwacho thrombini. Kiasi hicho hakitoshi kugandisha jeraha, lakini kinatosha kufanya jambo lililo muhimu zaidi: huziamsha chembe sahani kwa nguvu kuliko kolajeni, na huamsha vigandishi vya 5, 8 na 11.

Hapa ndipo kazi mbili zinapokuwa moja. Chembe sahani iliyoamshwa hugeuza utando wake, mafuta yenye chaji hasi yaliyokuwa upande wa ndani yakatokea nje. Juu ya mafuta hayo, kwa kushikizwa na kalsiamu, vigandishi hukaa pamoja wawili wawili, na kasi yao huongezeka kwa maelfu ya mara kuliko vikiwa vinaelea ovyo katika majimaji. Thrombini sasa hutoka kwa wingi. Huikata fibrinojeni, nayo hugeuka fibrini, nyuzi zinazojisuka zenyewe kupita katikati ya kizibo na kukizunguka. Kigandishi cha 13 huzifunga nyuzi hizo mafundo. Baadaye chembe sahani zilizomo ndani hujivuta, wavu ukakaza, na majimaji ya rangi ya manjano hafifu yakachujika nje. Kila aliyewahi kuona bonge la damu ndani ya chupa likiwa limejitenga na maji yake ameiona kazi hii ya mwisho.

Yafaa ieleweke kwamba picha hii si ile iliyofundishwa zamani. Mwaka 1964 yalichapishwa maandishi mawili, moja la R. G. Macfarlane wa Uingereza na jingine la Earl Davie na Oscar Ratnoff wa Marekani, yaliyoueleza mgando kama maporomoko ya maji: kigandishi kimoja humwangukia kingine, hadi fibrini. Ilikuwa sitiari yenye nguvu, na vitabu vya shule viliishika. Kasoro yake ni kwamba maporomoko hayahitaji mahali. Chembe sahani hazikuwa na nafasi ndani yake, zikabaki katika sura nyingine ya kitabu. Mwaka 2001 Maureane Hoffman na Dougald Monroe walipendekeza maelezo yanayoanzia juu ya seli, nayo ndiyo yanayofuatwa hapa. Mwandishi wa Kiswahili anayetafsiri leo neno maporomoko kwa uaminifu mkubwa anaweza kuwa anatafsiri kwa uaminifu jambo lililokwisha kurekebishwa.

Hospitali nazo zinathibitisha kwamba kazi ni mbili. Mtoto mwenye hemofilia, ambaye hukosa kigandishi cha 8 au cha 9, akijikwaruza hupata kizibo cha kawaida na damu hukata. Lakini damu huvujia ndani ya goti au kiwiko, mahali ambapo kizibo bila ya wavu hakidumu. Mtu ambaye chembe sahani zake zimepungua mno huonyesha dalili nyingine: madoa madogo mekundu ya ngozi, damu puani na kwenye fizi. Wote wawili katika Kiswahili cha kawaida husemwa kuwa "damu zao hazigandi". Kwa yule wa pili si kweli. Damu yake ikiwekwa katika chupa huganda.

Upo pia ugonjwa ambao huharibu pande zote mbili, na Kilosa inaujua. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007, ambao nchini Tanzania ulichukua maisha ya watu zaidi ya 100, wilaya ya Kilosa ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa. Virusi hivyo, katika sura yao kali, hushambulia ini, ambalo ndilo kiwanda cha vigandishi vingi, na chembe sahani nazo hupungua. Hapo msemo "damu haikati" ni sahihi kuliko wowote mwingine.

4.0 "Kuyeyusha damu"

Athari ya mchanganyiko huu wa vitenzi huonekana wazi katika lugha ya dawa. Aspirini, heparini na warfarini zote huelezwa kwa wagonjwa kuwa ni dawa za kuyeyusha, kulainisha au kufanya damu kuwa nyepesi. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoyeyusha chochote, wala haibadilishi uzito wa damu. Aspirini huzuia kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini cha kuundia kingine, huzuilika kwa maisha yake yote yaliyosalia. Hiyo ni dawa ya kuzuia kuziba. Warfarini haiigusi chembe sahani. Huzuia ini lisitumie vitamini K kukamilisha vigandishi vya 2, 7, 9 na 10. Hiyo ni dawa ya kuzuia kuganda. Heparini nayo ni ya kundi hilo la pili, ingawa hufanya kazi kwa njia nyingine na kwa haraka. Dawa zinazoyeyusha kweli ni zile zinazoivunja fibrini iliyokwisha kusukwa, kama vile streptokinasi, nazo hutolewa hospitalini chini ya uangalizi mkali.

Si jambo la usahihi wa kitaaluma tu. Mgonjwa wa warfarini huambiwa asibadilishe ovyo kiasi cha mboga za majani anazokula, kwa kuwa zina vitamini K. Akiwa amefundishwa kwamba dawa yake "inayeyusha", agizo hilo halina mantiki kwake: kisamvu na mchicha vina uhusiano gani na kuyeyuka? Akiwa amefundishwa kwamba inazuia ini kutengeneza vigandishi, agizo linajieleza. Tena "damu nyepesi", katika masikio ya wengi, ni damu iliyopungua nguvu, na hakuna mtu anayependa kumeza kidonge cha kumpunguzia nguvu. Kuwa msemo huu umeenea si hoja ya kuuhifadhi.

5.0 Nyoka wawili

Ukanda wa Mikumi una nyoka wengi, lakini wawili wanatosha kwa hoja hii, kwa sababu kila mmoja ameishika ncha yake ya mchakato.

Wa kwanza ni kifutu, Bitis arietans, nyoka mnene wa ardhini ambaye hakimbii asikiapo nyayo, na kwa hiyo hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha mguu, hutoa malengelenge na huua nyama. Ndani yake wataalamu wametenga protini mbili zinazohusu chembe sahani moja kwa moja. Moja, bitistatini, huvifunga vile vipokezi vinavyoshika daraja la fibrinojeni, chembe zikashindwa kushikana. Ya pili, bitisetini, hufanya kinyume: huiunganisha protini ya von Willebrand na chembe sahani mahali pasipo na jeraha, chembe zikarundikana bure. Sumu moja inazuia kuziba na kuzibisha ovyo kwa wakati mmoja.

Wa pili ni nyoka wa mitini, Dispholidus typus, ambaye katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili huitwa ngole. Meno yake ya sumu yako nyuma ya taya, huuma kwa nadra, na jeraha lake mara nyingi haliumi sana wala halivimbi sana. Ndiyo maana hudharauliwa. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na mmoja mchanga mwezi Septemba 1957, akaendelea kuandika dalili zake bila ya kutafuta tiba, akafa siku iliyofuata. Sumu hii huamsha vigandishi damuni pasipo kuwapo jeraha. Fibrinojeni yote hutumika kidogo kidogo hadi inakwisha, na damu iliyobaki haina cha kugandia. Ni sumu ya kugandisha inayomwacha mtu na damu isiyoganda. Mwanafunzi anayekutana na sentensi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani imekosewa. Saa kadhaa baadaye, wakati mwingine siku nzima, damu huanza kutoka kwenye fizi, puani, na katika makovu mapya yaliyokwisha kufunga.

Zahanati isiyo na mashine inaweza kupima hali hii kwa chupa ya kioo. Mililita 2 za damu ya vena huwekwa katika chupa safi na kavu, ikaachwa bila ya kutikiswa kwa dakika 20, kisha ikainamishwa. Ikimwagika kama maji, fibrinojeni imekwisha. Lazima iwe kioo, kwa kuwa kioo ndicho huamsha kigandishi cha 12. Plastiki haikiamshi, wala kioo kilichooshwa kwa sabuni hakiaminiki. Kipimo hiki hupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Sasa yaangaliwe maneno. Mtu wa Zombo aliyeumwa na nyoka huenda akawa amekwisha kuchanjwa chale, kufungwa kamba, au kuwekewa jiwe la nyoka kabla ya kufika zahanati. Chale kwa mtu ambaye fibrinojeni yake imekwisha ni milango mipya ya kutokea damu. Ndugu zake wakiambiwa "damu haigandi", wataona ni jambo la jeraha, nao wataomba lifungwe vizuri. Wakiambiwa "sumu imemaliza kitu katika damu chenye kuigandisha, na mwili hautakirudisha hadi sumu izimwe", wataelewa kwa nini mgonjwa asiye na maumivu anapelekwa hospitali usiku. Kadhalika wataelewa kwa nini anapewa parasetamoli na kunyimwa aspirini: fibrinojeni ikiwa imekwisha, kuziba ndiko alikobaki nako, na aspirini hukidhoofisha kizibo.

Tafsiri ya kinyume ina hatari zaidi. Kipimo cha chupa hupima kuganda, hakipimi kuziba. Aliyeumwa na kifutu anaweza kuwa na chembe sahani chache zisizoshikana, na bado damu yake ikaganda chupani kwa dakika 20. Mganga akitangaza "imeganda", ndugu husikia "amepona", na pikipiki ya kumrudisha nyumbani huitwa. Katika sumu ya ngole nayo, kipimo cha kwanza chaweza kuwa kizuri na cha baada ya saa 6 kikawa kibaya, jambo linalolazimu kirudiwe. Tena dawa ya sumu si moja: ile ya nyoka wengi inayotengenezwa Afrika ya Kusini humhusu kifutu, lakini haimhusu ngole, ambaye dawa yake ni ya peke yake na haipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo hata jina la nyoka ni istilahi ya tiba, na "nyoka wa kijani", kama wengi wanavyosema, halitoshi, kwa kuwa ngole hana rangi moja: dume huwa kijani mara nyingi, na jike huwa kahawia.

Kwa matumizi ya mafunzo ya wahudumu wa afya, basi, inapendekezwa kitenzi kukata kibaki kwa tokeo zima la damu kuacha kutoka, kuziba kitengwe kwa kazi ya chembe sahani, na kuganda kwa kazi ya protini pekee. Kigandishi kitumike kwa kila mojawapo ya protini hizo, kikiambatana na tarakimu yake. Mgando uwe ni ule unaofunga jeraha, na bonge liachiwe lile linalojitokeza ndani ya mshipa mzima na kuuziba. Kuvilia kubaki palepale lilipo, chini ya ngozi. Katika fomu ya kipimo cha chupa, badala ya "imeganda" au "haikuganda", iandikwe: "Damu imeganda kwa dakika 20, kuziba hakujapimwa, rudia baada ya saa 6."